Jina la Mvi Ubaoni

Jirani anasema alikuwa mweupe.

Mweupe kuanzia utosini hadi ukuchani, anasema, amesimama mlangoni pa chumba cha mashine, jua ndiyo kwanza linachungulia, na vumbi la unga limemzunguka likimetameta, kila chembe na taa yake. Mikono ameiinua juu, anasema, hivi, kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwa aliye juu ya ngazi. Na alikuwa akitabasamu.

"Na nyuma yake," husema jirani, na hapo hushusha sauti mpaka wasikilizaji wakasogeza vichwa, "nyuma yake palikuwa na mtu amemshika. Uso sikuuona. Lakini niamini mimi, mwenzangu, yule hakuwa binadamu."

Aliyaona hayo alfajiri, kwa macho yake mawili, juu ya ukuta wa matofali unaotenganisha nyua mbili, ndoo ya maji kichwani. Maji yalimwagika yote. Hata ndoo ni shahidi.

Jirani huyu watu humwita Mama Redio. Hana ubaya, maskini. Ila habari haikai kwake, kama maji yasivyokaa kwenye chekeche. Mpe siri asubuhi ikiwa changa, bado inanyonya. Jioni utakutana nayo barabarani, ina ndevu.

Na huyo mweupe ni msaga unga. Mtaa mzima humwita Mvi. Alipewa jina hilo angali kijana wa miaka ishirini, kwa kuwa kila jioni alitoka kwenye mashine kichwa cheupe, nyusi nyeupe, hata kope, na wenzake wakampigia kelele, "Shikamoo, babu!" Naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akaenda kuoga, uzee ukabaki kwenye beseni. Kila mchana alizeeka. Kila jioni alirudi ujanani. Miaka arobaini.

Ewe vumbi la unga, uliyemvisha uzee wa kuazima, ulikuwa unampima? Ulikuwa unampima kama fundi apimavyo nguo kabla ya kuishona moja kwa moja?

Yupo mmoja ajuaye kilichotokea alfajiri ile, maana alikuwepo. Ni binti wa Mvi. Ana miaka ishirini na mitatu. Shule aliishia ya msingi. Mama yake alipofariki alivua sare akavaa gauni la kazi, akasimama upande wa pili wa mashine, na hapo ndipo alipokulia. Si mtu wa maneno. Yeye hutazama. Ni mtu wa kungoja gunia lijae bila kulitikisa.

Asemayo jirani si uongo. Ni ukweli uliochekechwa mara moja tu, bado una mawe.

Kifua cha Mvi kilikuwa kimejaa. Unga aliowasagia watu miaka arobaini, yeye alikuwa akipewa fungu lake bila kuomba, chembe baada ya chembe, pumzi baada ya pumzi, na sasa hapakuwa na nafasi ya hewa. Daktari alikunja karatasi yake mara nne, akaitazama ilivyokunjika, akasema, "Mpumzisheni nyumbani." Binti alielewa. Neno hilo halina chumba cha pili.

Basi mzee alilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mashine, na binti akasaga peke yake. Na alfajiri ile mkanda wa mashine ulilia. Ulilia kidogo tu, kilio cha mkanda uliolegea, ambacho wewe au mimi tusingekisikia. Mvi alikisikia. Wiki tano alikuwa hajasimama kwa miguu yake, akasimama. Binti, aliyekuwa akimimina nafaka kwenye mdomo wa mashine, alimwona baba yake akipita mbele yake kama ndoto ya mchana, hatua kumi na mbili, mpaka mlangoni penye mkanda. Akanyoosha kidole kuonyesha. Akaegemea rafu. Rafu ikakataa. Debe zima la unga likammwagikia.

Alikuwa anaanguka. Binti alimdaka kwa nyuma, mikono chini ya makwapa, na ndipo mikono ya mzee ikapaa juu; mikono ya mtu aliyeshikwa hivyo haina pengine pa kwenda. Kile jirani alichokiita tabasamu kilikuwa mdomo unaotafuta hewa.

Na yule wa nyuma, asiye na uso, ambaye hakuwa binadamu, ni yeye. Alikuwa miguu mitupu, gauni limechanika kwapani, na alikuwa akilia kwa sauti ambayo mashine iliimeza.

Vumbi likashuka. Taratibu, kama lina pa kwenda.

*

Kanisani kwao kuna ubao.

Ni ubao mweusi wa shule, umeanza kupasuka pembe moja, umetundikwa kando ya dirisha la mashariki. Ukiugua, jina lako huandikwa pale kwa chaki. Kila Jumapili, kabla ya maombi, mzee wa kanisa huvaa miwani na kuyasoma majina moja moja, na kwa kila jina watu wote huitikia kwa sauti moja, "Mshike, Bwana." Hakuna zaidi ya hapo. Hawamwambii Mungu ugonjwa gani, wala afanye nini. Mshike, Bwana. Basi.

Ukipona, husimama wewe mwenyewe, au ndugu yako, ukachukua kitambaa ukafuta, na nyimbo zikapanda hadi kwenye mabati. Ukifariki, jina hubaki mpaka uzikwe. Hapo hufutwa kimya.

Mzee wa kanisa ni mwalimu mstaafu, na watu humwita Mwalimu hadi leo. Chaki anaitunza yeye, kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo, pale wengine wanapochomeka kalamu. Sauti yake ni ya kuongoza gwaride. Madirisha yakiwa wazi, asemalo ndani husikika hadi kwenye mashine ya Mvi, ng'ambo ya barabara.

Mvi aliupenda ubao ule kuliko dawa. Jumapili zote za ugonjwa wake dirisha lake lilifungwa kwa ajili ya vumbi la barabarani, asisikie kitu; lakini kengele alikuwa akiisikia, na baada ya kengele alihesabu nyimbo kwa vidole, na kidole cha nne kilipofika alifumba macho. "Sasa," alisema. "Sasa nasomwa." Na uso wake ulilegea kama kamba iliyofunguliwa.

"Mama yako aliondoka huku anasomwa," alimwambia binti. "Nilikuwa nimeushika mkono wake. Jumapili, saa nne na nusu. Mtu akiondoka huku anasomwa, mwanangu, hapotei njia."

Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka Mvi duniani. Kupona alikwisha kuacha kuomba, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kiti cha jirani. Alitaka asomwe.

*

Jumapili iliyofuata alfajiri ile, Mama Redio alisimama kanisani.

Alishuhudia. Alishuhudia na ndoo, na maji, na weupe, na mikono, na yule wa nyuma asiye na uso. Alilia machozi ya kweli. Yeye na Mvi walikuwa wametaniana juu ya ukuta ule miaka ishirini. Kanisa likainuka. Vigelegele vikapasua hewa. Watu wakageuka kumtazama binti wa Mvi, na nyuso zao zilikuwa zinang'aa, jamani, zilikuwa zinang'aa kweli, kama masufuria yaliyosuguliwa kwa sikukuu. Mtu mmoja akamtia kitambaa mkononi.

Binti alikuwa na nafasi ya kusema. Kati ya benchi na ubao ni hatua tisa. Katika hatua tisa mtu anaweza kusema neno moja. *Hapana* ni neno moja.

Hakusema. Msimhukumu upesi. Wimbo ulikuwa umembeba kama maji yanavyobeba jani. Na tena, hili alilikiri baadaye, kwa siku hiyo moja alitaka kuwa mtu aliyetendewa muujiza. Wiki tano alikuwa mtu wa huruma. Alitaka, kwa muda wa hatua tisa, awe mtu wa wimbo.

Na pembeni kabisa mwa moyo alikuwa anapiga hesabu ya mtoto: labda nikifuta, itakuwa.

Akafuta. Kwa mkono wake mwenyewe. M, V, I, herufi tatu, kitambaa kimoja. Vumbi la chaki likaruka kwenye mwanga wa dirisha, likashuka juu ya viatu vyake.

Taratibu, kama lina pa kwenda.

*

Tangu hapo hakuja mtu.

Si kwa ubaya. Aliyepona haangaliwi. Wanawake wa kanisa waliokuwa wakija kumfulia mashuka walihamia kwa mgonjwa mwingine. Mwalimu, aliyekuwa akija kila Ijumaa na Biblia yake iliyofungwa kwa gamba la daftari, hakuja. Waliokutana na binti njiani walimshika mabega yote mawili: "Tumwone lini mzee? Aje ashuhudie mwenyewe!" Naye akasema, "Amelala." Na kweli alikuwa amelala. Uongo mwingine huvaa nguo za ukweli, hata mwenyewe ukausalimia.

Nyumba ikawa na sauti mbili tu. Mchana mashine, na mashine ikizimwa, kifua.

Ghala likijaa, kumtumaini Mungu si kazi. Hata panya hutumaini. Kazi ni pale unapofungua mlango wa ghala ukaita, na sauti yako ikakurudia mwenyewe. Mwanzoni maombi ya binti yalikuwa marefu, yenye salamu na shukrani na maelezo, kama barua kwa mjomba tajiri. Yakapungua. Yakawa mistari miwili. Yakawa *Bwana, baba yangu*. Yakawa *Bwana*. Mwisho yakawa ile pumzi ambayo mtu huivuta kabla ya kusema, halafu hasemi.

"Baba," alimuuliza siku moja akimpa uji kwa kijiko, "wewe ulikuwa ukisema Mungu si wa kuahidi gunia akaleta debe."

"Nilisema. Nasema."

"Sasa hili tulilonalo ni gunia, au ni debe?"

Mvi alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamzungusha kama mkanda unavyozungusha gurudumu, na kilipomwachia alikuwa amelowa. Lakini jibu lake alikuwa amelishika, hakulidondosha njiani.

"Hizi ni pumba, mwanangu," alisema. "Pumba tupu. Lakini ulishaona wapi pumba zikatoka pasipo na nafaka?"

Binti aliinamia bakuli. Alitaka kumwambia: nimekufuta. Mkono huu unaokulisha, baba, ndio uliokufuta. Uji ukadondoka kwenye shuka, tone moja, na yeye akalifuta haraka, akashtuka kwa jinsi anavyojua kufuta.

*

Jumapili ya kwanza baada ya ile, binti aliporudi kutoka kanisani, Mvi aliuliza, "Wamenisoma?"

"Wamekusoma, baba."

Jumapili ya pili: "Wamenisoma? Kwa sauti?"

"Kwa sauti, baba. Kanisa zima."

Jumapili ya tatu hakuuliza kwa mdomo. Aliinua nyusi tu, mdomo ulikuwa na kazi ya kupumua. Naye akatikisa kichwa: ndiyo. Na jogoo wa Mama Redio, ambaye hajui saa wala adabu, akawika juu ya ukuta adhuhuri ile, jua likiwa utosini.

Binti alitoka nje. Akaingia chumba cha mashine, mashine imezimwa, kimya kimejaa kama nafaka. Akakaa juu ya gunia. Akalia vile watu wanavyolia wakijua hakuna atakayekuja kuuliza kuna nini.

Wiki hiyohiyo alimwogesha kichwa. Alikuwa akimwogesha mwili kila siku, lakini kichwa alikiogopa. Kilikuwa bado na unga wa alfajiri ile, umeganda kwenye nywele, naye hakutaka kumsumbua. Sasa akatia maji ya vuguvugu kwenye beseni. Akamwinua shingo kwa mkono wa kushoto. Akamimina kwa kikombe, akasugua, akasuuza. Tangu utotoni aliijua kazi hii: unamimina, unga unatoka, weusi unarudi. Alipokuwa mdogo ulikuwa mchezo wao. "Babu amekwenda!" alikuwa akipiga kelele. "Baba amerudi!"

Alimimina. Maji yakawa meupe. Akayamwaga, akaleta mengine. Maji yakawa meupe kidogo. Akayamwaga. Akaleta ya tatu, na maji ya tatu yalibaki maangavu, safi, ungeweza kuona ua lililochorwa chini ya beseni.

Na nywele zilibaki nyeupe.

Akasugua tena. Akasugua kwa sabuni. Akasugua mpaka Mvi akafungua macho akasema polepole, "Unga umekwisha, mwanangu. Hizo ni zangu."

Lini? Lini zilikuwa zake? Mwaka gani, chini ya unga wa kazi, uzee wa kweli uliingia bila kubisha hodi, ukakaa, ukazoea, na yeye mtazamaji, yeye mwenye macho, asione? Alimfunika baba yake taulo kichwani, akakishika kichwa kile kifuani pake kama mtu anayeshika mtungi wa mwisho. Haukuingia muujiza wowote. Liliingia jua la jioni kupitia ufa wa dirisha, fimbo moja nyembamba, na ndani yake vumbi likipanda na kushuka.

Hapo pumzi ile, ile ya kabla ya kusema, ilipata neno. Hakuomba apone. Alisema, "Bwana, mimi nimechoka kumshika peke yangu."

Hakusikia jibu. Alisikia kifua cha baba yake kikienda. Kikisimama. Kikienda.

*

Jumapili ya nne Mvi aliamka na sauti kidogo. Sauti ya kurudishiwa tu, kama taa inayowaka vizuri mara moja kabla mafuta hayajakwisha.

"Fungua dirisha," alisema.

"Vumbi, baba. Kifua chako."

"Kifua!" alisema, na jicho moja likafanya utani wa zamani. "Hiki kimeshakula magunia. Vumbi la barabarani litakifanya nini, litakijaza?" Akavuta pumzi mbili, akazikusanya. "Leo nataka nisikie mwenyewe. Mwalimu ana sauti. Nataka nilisikie jina langu. Halafu nitanyamaza, sitakusumbua tena."

Binti alisimama katikati ya chumba.

Angeweza kusema dirisha limekwama. Angeweza kusema Mwalimu anaumwa koo. Uongo wa nne ulikuwa umekwisha kuiva, unangoja kuchumwa. Alimtazama baba yake: nywele zake nyeupe, zake mwenyewe, shingo iliyokuwa ikibeba magunia, sasa haibebi hata kichwa.

Alilifungua dirisha. Alilifungua pande zote mbili, akaweka jiwe lisifunge. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Vumbi likaingia nao.

"Nakwenda, baba," alisema.

"Nenda, mama," alisema Mvi. Humwita hivyo akitaka kumbembeleza. "Niombee mahali karibu na mlango wa mbinguni."

Alivuka barabara mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. Alitaka kumwahi Mwalimu mlangoni, amnong'oneze, mambo yaishe kimyakimya kama watu wazima. Lakini kengele ilikuwa imekwisha kulia, na Mwalimu alikuwa tayari ndani, mstari wa mbele, mgongo wake mpana kama kabati. Binti akakaa benchi ya nyuma. Wimbo wa kwanza ukapita. Akakihesabu kidole cha kwanza. Alijua ng'ambo ya barabara kuna mtu anahesabu naye. Wimbo wa pili. Wa tatu. Alijua pia wasemalo watu juu ya ubao: tangu ulipotundikwa, jina lililofutwa kwa wimbo halijapata kurudi. Mungu hatoi akapokonya. Kulirudisha ni kumwita Mungu mwongo mbele ya nyumba yake.

Wimbo wa nne ukaisha. Mwalimu akasimama, akatoa miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.

Binti wa Mvi akainuka.

Hatua zilikuwa nyingi kuliko siku ile. Watu walimwachia njia wakitabasamu. Walidhani ameleta ushuhuda mwingine. Alifika penye ubao, kando ya dirisha la mashariki, na pale M, V, I zilipokuwa paliendelea kuwa na kivuli cheupe, kama shavu lililofutwa machozi vibaya.

"Baba yangu hakupona," alisema.

Sauti yake ni ndogo. Lakini kimya kilikuwa kikubwa, kikaibeba.

"Alfajiri ile alikuwa anaanguka. Unga ulimmwagikia. Hajasimama tena tangu siku hiyo."

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya Mama Redio, inatoka benchi ya tatu, haina hata chembe ya kujigamba, inaomba. "Mwanangu, mimi niliona. Haki ya Mungu niliona. Palikuwa na mtu nyuma yake, amemshika."

"Uliona, mama. Hukudanganya. Yule wa nyuma ni mimi."

Mama Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, hakikutoka kitu. Akautia uso wake wote ndani ya viganja.

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mabua. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Jina lililofutwa halirudi, binti. Tutamwambiaje Mungu?"

"Sikuja kubishana na Mungu," alisema. "Yeye hakusema uongo. Aliyesema uongo ni mkono wangu huu." Akauinua, wakauona: mkono wa kazi, unga umekaa kwenye mistari ya kiganja, hautoki. "Sijui atatupa nini. Kama ni gunia, kama ni pumba, sijui. Nimengoja, nitangoja. Lakini baba yangu ni mgonjwa, na ameniomba nifungue dirisha, na dirisha liko wazi, na anasikiliza. Sasa hivi, tunavyosimama hapa. Anasikiliza."

Akamgeukia Mwalimu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika, miaka hiyo, darasa la kwanza, amemshika kidole juu ya kidole: chora mlima, chora bonde, hiyo ni M.

"Mwalimu, naomba chaki."

Mkono wa Mwalimu ulikwenda kwenye koti, upande wa moyo. Ukafika mfukoni. Ukatulia hapo, juu ya kitambaa, kama mtu anayeapa. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa yanautazama ubao, yanamtazama binti, yanautazama ubao.

Kupitia dirisha la mashariki mwanga uliingia mpana, mtulivu, wa asubuhi mpya kabisa isiyojua ya jana, na katika mwanga ule vumbi lilikuwa likishuka. Si la unga, si la chaki. Au ni yote mawili, nani awezaye kuchekecha? Lilishuka juu ya mabega ya Mwalimu. Lilishuka juu ya kichwa cha Mama Redio kilichoinama. Lilishuka juu ya nywele nyeusi za binti, likaanza kuzivisha weupe mwembamba wa kuazima. Likashuka ndani ya kiganja chake kilichokuwa wazi, chembe baada ya chembe, taratibu, kama lina pa kwenda, kama limetumwa.

Alijua ataanguka, aliijua ile hali, alikuwa ameiona kwa baba yake. Hakuanguka. Kitu kilimshika chini ya makwapa, au hakikuwa kitu, ilikuwa hewa tu, ilikuwa ukuta tu nyuma yake. Hakugeuka kutazama.

Ng'ambo ya barabara, dirisha lilikuwa wazi.

"Mwalimu," alisema tena, "naomba chaki."